Kufuata Mkia Mpaka Kichwani

Usiku wa Krismasi mwaka 1758, mkulima mmoja wa Saxony aitwaye Johann Georg Palitzsch alielekeza darubini yake angani akaiona nyota ambayo wataalamu wa Ulaya nzima walikuwa wakiivizia. Aliyeitabiri, Edmond Halley, alikuwa kaburini tangu 1742. Katika andiko lake la 1705 Halley alidai kwamba nyota yenye mkia iliyoonekana 1531, ile ya 1607 na ile aliyoiona kwa macho yake mwaka 1682 ni moja hiyo hiyo, na kwamba ingerudi 1758. Ikarudi. Wa kwanza kuilaki hakuwa profesa bali mtu wa jembe, aliyejifundisha elimu ya nyota mwenyewe.

Tangu hapo watu walijua njia za nyotamkia na siku za kurudi kwake. Kwamba ni vitu gani hasa, hawakujua, na darubini peke yake isingewaambia. Nyotamkia ikilikaribia jua hujifunika wingu la gesi na vumbi linaloweza kuwa kubwa kuliko dunia, na ndani ya wingu hilo mna kiini cha kilomita chache tu. Ni kama kutaka kukijua kijinga cha moto kwa kutazama moshi ukiwa ng'ambo ya bahari.

Nitoe neno moja kabla hatujafika mbali, maana kwetu majina haya huchanganywa. Kimondo ni kile kinachoanguka: kile cha Mbozi, mkoani Songwe, ni bonge la chuma na ukienda unaligusa kwa mkono. Nyotamkia haianguki. Hupita, huonekana siku au wiki kadhaa, kisha hurudi ilikotoka. Ndiyo maana anayetaka kuijua hana budi kuifuata.

Vidonge vya 1910 na theluji ya 1950

Nyotamkia hiyo, iliyokwisha kuitwa Halley, iliporudi 1910, wanasayansi walikuwa wameshajifunza kuuchambua mwanga, na ndani ya mwanga wa nyotamkia wakaona alama za sianojeni, gesi yenye sumu. Ikajulikana pia kwamba mwezi Mei dunia ingepita karibu na mkia huo, labda hata ndani yake. Kilichofuata ni biashara. Wajanja waliuza vidonge vya kujikinga na nyota, na wanunuzi hawakukosekana. Usiku ukapita, watu wakaamka salama. Mkia una vitu vichache mno kiasi kwamba hata dunia ikiuvuka hakuna pua itakayojua.

Hoja nzito zaidi ilikuwa ya kichwa. Wengine walishikilia kwamba nyotamkia ni kundi la kokoto na mchanga vinavyosafiri pamoja. Mwaka 1950 Fred Whipple, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuja na jibu jingine: ni bonge moja la barafu lililochanganyika na vumbi, na watu wakaliita mpira wa theluji chafu. Alikuwa na sababu nzuri. Nyotamkia ya Encke ilikuwa na tabia ya kuwahi kuliko hesabu zilivyosema, na Whipple alieleza kwamba barafu ikipashwa na jua hugeuka gesi, na gesi ikifoka upande mmoja hulisukuma bonge zima kama roketi.

Mwaka huo huo Jan Oort wa Uholanzi alionyesha kwamba nyotamkia nyingi hutoka katika hifadhi ya mbali mno, kupita sayari zote. Mwaka uliofuata Ludwig Biermann, Mjerumani, akautazama mkia wa gesi unavyolikimbia jua daima, akahitimisha kwamba jua hutoa upepo. Upepo wa jua ulijulikana kwa njia ya mkia wa nyotamkia kabla roketi yoyote haijafika huko kuupima.

Hoja za Whipple na Oort zikiwekwa pamoja, mtu anaona kwa nini watu walikuwa tayari kutumia mamilioni ya dola kwa ajili ya barafu chafu. Jua na sayari zilifanyika miaka bilioni 4.6 iliyopita. Sayari ziliyeyuka, zikapikwa, zikabadilika. Nyotamkia zilibaki kwenye baridi, kama unga uliosalia kwenye gunia baada ya mkate kuokwa.

Chombo cha kuazima, 1978–1985

Chombo cha kwanza kuifikia nyotamkia hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. ISEE-3 kilirushwa na NASA Agosti 1978 kikakae kati ya dunia na jua kupima huo upepo wa Biermann. Kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri wakati Marekani ilipokataa kutoa fedha za kutuma chombo kwenye Halley. Robert Farquhar, bingwa wa hesabu za njia za angani, akaona kwamba chombo hiki kilichokwisha kulipiwa kinaweza kwenda kwenye nyotamkia nyingine, Giacobini-Zinner, na kufika kabla ya wengine wote kufika kwa Halley.

Njia aliyoichora ukiiona kwenye karatasi utadhani mtoto amechezea kalamu. Chombo kilizungushwa mara kadhaa kikipita karibu na mwezi, kila mara kikichota mwendo kutoka kwa mvuto wake, na mara ya mwisho, tarehe 22 Desemba 1983, kilipita kilomita kama 120 tu juu ya uso wa mwezi. Kikabadilishwa jina kikaitwa ICE. Septemba 11, 1985 kilikata mkia wa Giacobini-Zinner, kilomita 7,800 nyuma ya kiini. Hakikuwa na kamera, kwa hiyo hakuna picha ya kuonyesha. Waliokuwa wakitafuta kituo chao cha upepo wa jua walilalamika kwamba wameibiwa chombo. Sioni kama walikosea, ila wizi ule ulikuwa na faida.

Machi 1986

Mwaka uliofuata Halley ikaja, na vyombo vitano vilikwenda kuilaki. Umoja wa Kisovieti ulituma Vega 1 na Vega 2, ambazo njiani ziliangusha maputo kwenye anga la Zuhura. Japani ilituma Sakigake na Suisei. Shirika la Anga la Ulaya lilituma Giotto, iliyopewa jina la mchoraji wa Italia ambaye, baada ya Halley kupita mwaka 1301, aliichora nyota ya Bethlehemu ikiwa na mkia kwenye ukuta wa kanisa mjini Padua. Marekani haikutuma chombo. Lakini ndani ya Vega, chombo cha Kisovieti, wakati Vita Baridi ikiendelea, mlikuwa na kifaa cha kuhesabu vumbi kilichotengenezwa na John Simpson wa Chuo Kikuu cha Chicago.

Ushirikiano huo haukuwa wa heshima tu. Giotto ilitakiwa kupita karibu kabisa na kiini, na kutoka duniani hakuna aliyeweza kukiona kiini chenyewe. Vega 1 ilipita tarehe 6 Machi, Vega 2 tarehe 9, zote mbili umbali wa kilomita kati ya 8,000 na 9,000. Picha zao zilionyesha kiini kiko wapi, antena za Marekani zikapima Vega zenyewe ziko wapi, na hesabu zikapelekwa Darmstadt, Ujerumani, kwa Wazungu waliokuwa wakiiongoza Giotto. Vega zikawa rubani, kwa maana ya zamani ya neno hilo: anayejua miamba na kulitangulia jahazi kuingia bandarini.

Giotto iliikuta Halley kwa mwendo wa kilomita 68 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, Nairobi hadi Mombasa ni sekunde saba hazijatimia, na punje ya vumbi hugeuka risasi. Kwa hiyo mbele ilivishwa ngao ya tabaka mbili, bati jembamba la alumini kwanza, kisha nafasi wazi, kisha kitambaa kinene cha Kevlar. Bati huivunja punje ikawa mvuke, na mvuke ukisambaa kwenye nafasi ile, tabaka la pili huweza kuuzuia. Aliyeibuni ngao hiyo ni Whipple yule yule.

Usiku wa kuamkia 14 Machi, televisheni za Ulaya zilionyesha moja kwa moja. Watazamaji waliona madoa ya rangi nyekundu, buluu na njano, maana picha zilikuwa zimetiwa rangi za kuonyesha nguvu ya mwanga, na wengi walilala bila kuelewa walichokiona. Ndani ya chumba cha waongozaji walikuwa wakisikiliza zaidi ya kutazama: vifaa vya vumbi vilikuwa vinahesabu mapigo, machache mwanzoni, halafu mfululizo kama mvua ya masika juu ya bati. Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa tisa na dakika kumi usiku. Sekunde chache kabla ya kufika karibu kabisa, punje moja isiyozidi gramu ikaipiga Giotto pembeni. Chombo, ambacho kilikuwa kikizunguka kama pia, kikaanza kuyumba, antena ikaikosa dunia, na vioo vya mawasiliano vikawa vitupu.

Ilichukua dakika 32 kuyumba kutulia. Mawasiliano yakarudi, vifaa vingi vikiwa hai, ila kamera haikupiga picha nyingine tena. Giotto ilikuwa imepita kilomita 596 kutoka kwenye kiini.

Na picha zilizotangulia? Zilionyesha kitu chenye umbo la kiazi, urefu wa kilomita 15 na upana wa 8, cheusi kuliko mkaa, kinachorudisha asilimia 4 tu ya mwanga wa jua. Gesi ilifoka kutoka sehemu chache za upande wenye jua, na sehemu kubwa kabisa ya gesi hiyo, kama asilimia 80, ilikuwa mvuke wa maji. Whipple alikuwa amepatia barafu. Theluji yenyewe hakuna aliyeiona; ilikuwa imejificha chini ya ganda jeusi.

Giotto yenye jicho moja bovu ililazwa usingizi, ikaamshwa, ikatumwa kwenye nyotamkia ya pili, Grigg-Skjellerup, na kuipita kwa umbali wa kilomita 200 hivi Julai 1992. Nadhani hapo desturi ilikwisha kuzaliwa: chombo cha nyotamkia kikinusurika safari ya kwanza, hupewa ya pili.

Vumbi na nyundo, 1999–2011

Kupita mbio na kupiga picha kulikuwa na mwisho wake. Stardust ya NASA, iliyorushwa Februari 1999, ilikwenda kuchota. Ilibeba kichanja chenye umbo linalofanana na raketi ya tenisi, kilichojazwa erojeli, kitu kama moshi ulioganda, karibu chote ni hewa. Januari 2, 2004 ilipita ndani ya wingu la nyotamkia Wild 2, na punje za vumbi zikazama ndani ya erojeli zikiacha vishimo vyembamba kama karoti. Miaka miwili baadaye kontena lake likashuka kwa parashuti kwenye jangwa la Utah.

Wanasayansi walipozikata punje hizo walikuta madini ambayo hayafanyiki bila joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Vipi vitu vya tanuri vikutwe ndani ya barafu ya mwisho wa dunia zote? Maana yake ni kwamba mfumo wa jua ulipokuwa mchanga, vitu vilivyopikwa karibu na jua vilisukumwa mpaka pembeni kabisa vikaganda huko. Unga kwenye gunia haukuwa unga mtupu; ulikuwa na makombo ya mkate. Mwaka 2009 ikatangazwa pia kwamba ndani ya mzigo huo mna glisini, moja ya asidi za amino zinazojenga protini.

Mwingine aliamua kugonga. Michael A'Hearn wa Chuo Kikuu cha Maryland aliongoza Deep Impact, iliyoachia kitu cha kilo 370, karibu nusu yake shaba, kikajigonge kwenye nyotamkia Tempel 1 tarehe 4 Julai 2005, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa sekunde. Shaba ilichaguliwa kwa sababu haichanganyiki kirahisi na maji na kuharibu vipimo. Mgongano ulitimua vumbi laini kama poda ya watoto, vumbi jingi hata chombo kilichokuwa kinatazama hakikuliona shimo lililochimbwa. Ikabidi Stardust, iliyokwisha kufikisha mzigo wake, itumwe kukagua. Ilifika Februari 2011 na kukuta alama hafifu ya shimo la mita kama 150. Deep Impact yenyewe ilikuwa imeshapelekwa kwingine, kwenye nyotamkia Hartley 2, Novemba 2010, ambako iliona kaboni dioksidi ikifoka na kubeba vipande vya barafu.

Katikati ya haya mna kilio kimoja. CONTOUR, iliyokusudiwa kutembelea nyotamkia kadhaa, iliwasha injini yake Agosti 2002 na haikusikika tena.

Kukosa basi, 2002–2014

Ulaya ilitaka zaidi ya kupita. Rosetta ingesafiri sambamba na nyotamkia, iizunguke, iishushie kifaa cha kutua kiitwacho Philae, na ikae nayo ikipita karibu na jua. Majina yalitoka Misri: jiwe la Rosetta na mnara wa kisiwa cha Philae, ambavyo maandishi yake yalisaidia kufumbua maandishi ya kale ya Wamisri. Kisiwa hicho kilikuwa Aswan, kwenye maji ya Nile ambayo sehemu yake huanzia Ziwa Victoria.

Mwanzoni ilikuwa iende kwenye nyotamkia Wirtanen, Januari 2003. Desemba 2002 roketi ya aina mpya ya Ariane 5 ikaharibika baada ya kuruka, Rosetta ikazuiwa, na Wirtanen ikapita. Nyotamkia haingoji. Wakachagua nyingine, 67P/Churyumov-Gerasimenko, iliyogunduliwa 1969 na Klim Churyumov kwenye picha alizopiga Svetlana Gerasimenko huko Alma-Ata. Kiini chake kilikuwa kikubwa zaidi, kwa hiyo mvuto wake ni mkubwa zaidi, na miguu ya Philae ilibidi iimarishwe.

Rosetta iliondoka 2 Machi 2004. Roketi haikuwa na nguvu ya kuifikisha moja kwa moja, hivyo ilirushwa kama jiwe la teo: ilipita karibu na dunia mara tatu na Mirihi mara moja. Ilipokuwa mbali mno na jua hata mabawa yake ya mita 32 hayakupata umeme wa kutosha, ililazwa kwa miezi 31. Tarehe 20 Januari 2014 watu wa Darmstadt walisimama mbele ya skrini yenye mstari bapa, wakingoja mwinuko mmoja wa mawimbi ya redio. Dakika zikapita, za aibu kidogo, mpaka ulipochomoza. Agosti 6 Rosetta ilifika, na kukuta kwamba 67P ina umbo la bata wa plastiki: kichwa, shingo na kiwiliwili.

Saa moja jioni, 12 Novemba 2014

Usiku wa kuamkia siku ya kutua, kifaa kimoja cha Philae kilikataa kuitika: kirusha gesi ambacho kingeikandamiza chini isidunde. Waliamua waendelee hivyo hivyo. Philae ilikuwa na kinga ya pili, vyusa viwili vya kurusha kwenye ardhi, kama mvuvi anavyomchoma papa ili kamba isimwache aende. Kinga hiyo ilihitajika, kwani juu ya 67P kitu cha kilo 100 kina uzito kama wa karatasi moja mkononi.

Iliachiliwa kutoka kilomita 22.5 ikashuka taratibu kwa saa saba bila injini yoyote. Habari ya kutua ilichukua zaidi ya dakika 28 kufika duniani. Saa moja na dakika tatu jioni, kwa saa zetu, chumba kizima Darmstadt kiliruka kwa furaha.

Baada ya vigelegele ndipo takwimu zikaanza kusema mambo ya ajabu. Vyusa havikufyatuka. Umeme wa mabawa ulikuwa ukipanda na kushuka, kana kwamba Philae inazunguka. Stephan Ulamec, mkuu wa kazi ya kutua, akatania mbele ya waandishi kwamba labda leo hawakutua mara moja tu, wametua mara mbili. Ukweli uliizidi hata tania yake. Philae ilidunda na kupaa karibu saa mbili, ikagonga ukingo, ikagusa tena, ikadunda tena kidogo, mwisho ikajibanza chini ya jabali, mguu mmoja hewani, jua likiifikia kwa muda mfupi tu.

Betri ilidumu kama siku mbili na nusu. Ndani ya muda huo ilinusa hewa na kutambua kemikali za kaboni, ikapiga picha, na ikajaribu kupigilia kipimajoto ardhini kwa nyundo ndogo. Ardhi ikakataa, ngumu kama barafu iliyoganda miaka mingi. Halafu, mwaka 2020, watafiti walipotambua pale ilipogusa mara ya pili, waliona kwamba ndani ya mwamba wa hapo Philae ilichovya barafu laini kuliko povu la kahawa. Ngumu hapa, povu pale.

Harufu ya zizi, 2014–2016

Rosetta ilikaa na 67P zaidi ya miaka miwili, ikaipitisha karibu na jua Agosti 2015. Vifaa vyake vilikuta hidrojeni salfidi na amonia. Ungeweza kusimama pale ungenusa mayai viza na zizi la farasi. Vilikuta oksijeni ambayo hakuna aliyeitegemea, na glisini pamoja na fosforasi. Kiini kizima ni chepesi, nusu ya uzito wa maji: ukikitupa baharini kitaelea.

Jambo lililoumiza vichwa zaidi ni maji. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba nyotamkia ndizo zilizoijaza dunia bahari. Maji ya kila mahali yana hidrojeni nzito kidogo, na kiasi chake ni kama chapa ya ng'ombe. Mwaka 2011 chapa ya Hartley 2 ilionekana sawa na ya bahari zetu, na watu wakafurahi. Ile ya 67P ikawa zaidi ya mara tatu. Mjadala uliodhaniwa kufungwa ukafunguliwa upya.

Philae iliamka kwa muda Juni 2015 na kunyamaza Julai. Mahali ilipo palibaki fumbo mpaka 2 Septemba 2016, kamera ya Rosetta ilipoipata imelala ubavu gizani, wiki chache kabla ya kazi yote kwisha. Tarehe 30 Septemba Rosetta nayo ikashushwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikipiga picha mpaka mwisho. Saa nane na dakika 19 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, ule mwinuko kwenye skrini ya Darmstadt ukapotea. Mwaka uliofuata wataalamu walikuta kwenye mabaki ya takwimu picha moja zaidi ambayo haikuwa imekamilika kutumwa: changarawe za 67P, zenye ukungu kidogo, zikiwa karibu kabisa.

Wanaongoja

Hadi sasa nyotamkia zote zilizotembelewa ni za kurudi-rudi, zilizokwisha kuchomwa na jua mara nyingi. Ulaya na Japani zinatengeneza Comet Interceptor, iliyoidhinishwa 2022 na inayotarajiwa kurushwa mwishoni mwa muongo huu. Itatia nanga kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani na kungoja, miaka hata kama ni kadhaa, mpaka darubini zione nyotamkia inayoingia kwa mara ya kwanza. Wahandisi wanaijenga bila kujua itakwenda wapi.